Nyumba ya Zabibu: shajara ya kumjengea tarantula makazi, Nzuguni

Agosti, mwanzo wa mwezi

Mradi wenyewe ni huu: kumjengea tarantula mmoja, yaani buibui mkubwa wa manyoya, nyumba atakayoishi miaka mingi, hapa nyumbani Nzuguni, kwa vifaa vinavyopatikana Dodoma. Nyumba inajengwa kwanza, mpangaji anakuja baadaye. Udongo unahitaji muda wa kukauka na kutulia, gundi ya vioo inahitaji muda wa kuisha harufu, na mimi nahitaji kuona joto la chumba linavyopanda na kushuka kabla sijaweka kiumbe hai humo.

Ninayemtaka ni buibui wa jenasi ya Pterinochilus, tarantula wa Afrika. Huchimba shimo au huhamia shimo la panya lililoachwa, mara nyingi chini ya mizizi au mawe, kisha hulipamba kwa utando hadi mlangoni. Ukimwona utamjua kwa miale iliyotawanyika kutoka katikati ya gamba la kifua, kama jua linavyochorwa na mtoto. Rangi yake ni kijivu chenye ukahawia, rangi ya vumbi letu la kiangazi. Kutaja spishi kwa uhakika ni kazi ya hadubini, hivyo katika shajara hii nitaishia kwenye jenasi.

Video za ufugaji nimetazama za kutosha. Nyingi zinahusu buibui wa Amerika waliowekwa kwenye nyuzi za makumbi ya nazi, maua ya plastiki pembeni na mkeka wa umeme wa kupasha joto. Wale wafugaji wanaishi kwenye baridi, na wana haki ya kufanya hivyo. Mimi nina udongo ambao buibui huyu ameuzoea tangu anaanguliwa, na nina hali ya hewa yake nje ya dirisha. Kwa hiyo fedha na nguvu zangu karibu zote zinakwenda kwenye udongo: uwe wa namna gani, uwe na kina gani, ushindiliwe vipi. Mapambo hayana nafasi kwenye bajeti.

Kibali kimetangulia vyote. Sheria ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori inataka kibali kabla ya kumkamata mnyama wa porini. Nimeandika barua kueleza mimi ni nani, namtaka wa nini, na kwamba atatoka kwenye kiwanja kinachosafishwa kwa ajili ya ujenzi, mahali ambapo angekatwa na jembe. Ruhusa ya maandishi iko kwenye faili. Anayewaza kufanya kama mimi aanzie hapo. Buibui hawa wana soko nje ya nchi, na ukikutwa barabarani na kopo lenye buibui huku huna karatasi, maelezo yako hayatakusaidia.

Agosti, katikati

Kwa fundi vioo, Majengo. Akauliza, "Mwalimu, hii ni ya samaki?" Nikamwambia ni ya udongo. Akaweka tepu chini, akavuta kiti.

Vipimo tulivyokubaliana: kitako sentimita 30 kwa 30, kimo 40, kioo cha milimita 6. Alitaka kuongeza kimo ipendeze. Nilikataa, na sababu yake kila mfugaji mpya anapaswa kuijua. Tumbo la tarantula ni mfuko laini wenye ngozi nyembamba. Akipanda ukutani akaanguka kutoka juu, tumbo linaweza kupasuka, na damu ikishaanza kuvuja ni vigumu sana kumwokoa. Kanuni ya wafugaji ni kwamba kutoka uso wa udongo hadi kwenye mfuniko pasizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Mtu mzima wa aina hii miguu ikinyooshwa hupita sentimita 10. Nimejipangia nafasi ya juu ya sentimita 14, na udongo wa kina cha sentimita 26.

Fundi akapiga hesabu ya uzito kabla yangu. Udongo wa kina hicho ni zaidi ya lita 23, na ukishindiliwa, lita moja ina kama kilo moja na nusu. Hiyo ni karibu kilo 35, bila kioo. Boksi hili likishajazwa halihamishwi. Litajazwa palepale litakapokaa, juu ya meza ya mninga niliyoachiwa na baba, chini likilazwa ubao na sponji nyembamba ili kitako kisipate uzito upande mmoja.

Silikoni, yaani gundi ya vioo, ni ile ya kawaida yenye harufu kali ya siki ikiwa mbichi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Hiyo dawa ndiyo ya kuogopa. Boksi lipo barazani, na halitaguswa hadi nikiingiza pua nisisikie chochote.

Mfuniko nimeukazania kuliko fundi alivyotaka. Wavu wa mbu haufai. Kucha za tarantula zina ndoano ndogo zinazonasa kwenye nyuzi, akivuta anaweza kukatika mguu, na wavu wa plastiki anautafuna akatoka. Tumetumia plastiki ngumu angavu, matundu nimeyatoboa mwenyewe kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa. Tundu lisifikie upana wa gamba la kifua, maana panapopita gamba hilo, mwili uliobaki utapita. Matundu mengine yako kwenye ukanda wa plastiki upande wa mbele juu ya kioo, mengine nyuma ya mfuniko, ili hewa iingie huku na itokee kule. Hewa ikisimama ndani ya boksi, ukungu haukawii. Komeo dogo la kabati limefungwa mbele na ufunguo nakaa nao mimi.

Septemba

Mwezi wa udongo. Nitaandika kwa kirefu, kwa kuwa hapa ndipo nyumba ilipojengwa hasa.

Nilianza kwa kukataa. Udongo wa mashamba ya zabibu, ambao uko karibu na ni mzuri kwa macho, nimeuacha kabisa. Mizabibu hupigwa dawa za ukungu na za wadudu, na dawa ya kuua mdudu itamuua na buibui. Udongo wa bustanini kwetu una samadi, nao nimeuacha. Mbao na randa za msonobari wanazouza kwa ajili ya kuku hazifai pia, kwani mafuta yake yanaumiza.

Kisha nikaenda kwa mzee jirani yetu, Mgogo wa Chamwino, aliyejenga tembe, nyumba ya jadi yenye paa la udongo, kwa mikono yake alipokuwa kijana.

"Mbukwenyi babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Udongo wa nini tena?"

Nikamweleza. Sikutegemea swali lake. Hakuuliza kama buibui anauma. Aliuliza, "Atachimba kwenda chini, au atachimba kwa pembeni?" Nikasema anaanza kwa mshazari, kisha anashuka, na chini anajifanyia chumba. Akatikisa kichwa. Akasema paa la shimo ndilo la kuliogopa, kama paa la tembe lilivyo, tena udongo wa juu ya shimo unakaa bila nguzo. Kuta husimama hata kwa udongo mbaya.

Akanipa masomo mawili. Kwanza, udongo mweusi wa mbuga nisiulete nyumbani. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono, na shimo lililochimbwa humo masika linabomoka kiangazi. Pili, nitafute kichuguu kilichokufa, ambacho mchwa wamekihama, nichimbe kiunoni mwake, nisichukue wa juu uliopigwa na mvua. Huo ndio udongo waliokuwa wakiupenda kusiriba, maana mchwa wameshauchambua na kuufinyanga. Lakini peke yake utapasuka. Uchanganywe na mchanga wa korongo, ule mkavu wenye chembe za kukwaruza.

Nimefanya majaribio kwenye makopo ya siagi, kila kopo na uwiano wake. Nililowesha kidogo, nikashindilia, nikatoboa tundu la mshazari kwa mpini wa mwiko, nikaanika kivulini. Kichuguu kitupu kimepasuka kutoka ukingoni hadi kwenye tundu. Nusu kwa nusu paa lake limemomonyoka mara nilipogonga meza. Sehemu mbili za kichuguu kwa moja ya mchanga: tundu limebaki na umbo lake, kidole kinaingia na kutoka, na nikigonga hazianguki ila chembe chache. Hiyo ndiyo. Babu alipokuja kuona alilibonyeza paa la tundu kwa gumba, akasema, "Huyu atalala."

Udongo wote nimeupepeta, kisha nimeukaanga kwenye karai juu ya mkaa, fungu dogo dogo, nikiugeuza hadi mvuke ukaisha. Makusudi ni kuua sisimizi, tandu wachanga, utitiri na mayai yoyote yaliyojificha. Kazi ya jasho na moshi, na sijutii hata fungu moja.

Kujaza boksi kulifanyika hivi. Nilinyunyiza maji hadi udongo ukishikwa unafanya donge, na donge likiangushwa linavunjika vipande vichache. Ukitoa maji ukikamuliwa umezidi. Niliweka tabaka la unene wa vidole viwili, nikashindilia kwa kipande cha ubao na mchi, nikakwaruza uso wake ili tabaka la juu lishikane nalo, nikaendelea. Kona moja ya nyuma nimesimamisha mrija mwembamba unaofika kitakoni. Kupitia huo nitatia maji chini bila kulowesha juu, jinsi ardhi ya kwetu ilivyo: uso unaungua na jua, lakini ukichimba mkono mmoja unakuta ubaridi.

Kabla ya kumaliza, nilisukuma kipande cha bomba la maji kwa mshazari, kikiegemea kioo cha mbele, kisha nikakizungusha na kukichomoa. Limebaki tundu la kuanzia. Juu ya mdomo wake nimeegemeza kigae cha chungu kilichovunjika. Buibui akifika kwenye nyumba isiyo na pa kujificha hukimbia huku na huko na kujichosha, kwa hiyo mlango ni lazima aukute. Kioo cha upande wa tundu nimekifunika kwa karatasi nyeusi inayofunguka. Sahani ya maji ni kifuniko cha chupa, kimezamishwa nusu udongoni.

Septemba, mwishoni

Chumba. Nimechagua stoo ya upande wa mashariki, ina dari na dirisha dogo. Sebuleni jua la jioni linapiga moja kwa moja, na kioo kikipigwa na jua hupika kilichomo. Taa ya joto haihitajiki. Kipimajoto kinasoma 19 alfajiri na 27 mchana.

Adui mkubwa ndani ya nyumba zetu ni dawa ya mbu. Ya kupuliza, ya koili, ya kuchomeka kwenye umeme, zote zimetengenezwa kuua wadudu, na buibui hazimbagui. Tumekubaliana nyumba nzima: hakuna kupuliza, madirisha yote yana nyavu, na tunalala kwenye chandarua kama kawaida. Chandarua chenyewe kina dawa, hivyo anayekishika ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha stoo.

Miguu ya meza imesimamishwa kwenye makopo ya maji, kama tunavyofanya kwa kabati la sukari. Sisimizi wakigundua mabaki ya chakula ndani ya boksi watamvamia buibui mwenyewe, na akiwa kwenye kujivua gamba hana la kujitetea.

Nyenje nimeanza kuwafuga kwenye ndoo yenye trei za mayai, wanakula pumba, karoti na mchicha ulioshwa vizuri. Mende wa jikoni sitawatumia, huwezi kujua wametoka kwa jirani yupi na wamelamba sumu gani.

Oktoba

Amekuja.

Fundi mkuu wa kiwanja cha barabara ya kwenda Mtumba alipiga simu asubuhi. "Mwalimu, njoo upesi, vijana wamemkuta, nimewaambia wasimguse." Mji unapanuka upande ule kwa kasi, kila wiki kuna msingi mpya unachimbwa, na kila msingi unafukua mashimo ya viumbe ambao hakuna anayewahesabu. Nilikuwa nimewaomba mafundi mapema, na huyu akakumbuka. Namshukuru hapa.

Shimo lilikuwa limeshakatwa katikati na sururu, utando mweupe unaning'inia kwenye ukuta wa mtaro. Yeye alikuwa ameegemea donge la udongo, miguu ya mbele imeinuliwa juu kabisa, mwili umeegea nyuma, taya zimefunguka na yale meno mawili meusi yamejitokeza. Kijana mmoja akasema, "Huyo ana hasira." Nilimwambia huo ni woga. Buibui anayesimama vile anaomba nafasi.

Nilimfunika kwa kopo pana la plastiki angavu, nikapitisha kadi ngumu chini yake taratibu, nikageuza. Sikutumia mkono wala glavu. Tarantula wengi wa Amerika wana vinyweleo vya kuwasha tumboni ambavyo huwapukutishia maadui. Wa kwetu hawana hivyo, silaha zao ni mbio na meno. Sumu ya kundi hili ina maumivu makali na huweza kuleta kukakamaa kwa misuli kunakorudi kwa muda. Hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na tarantula, lakini maumivu yanatosha kuwa sababu ya heshima. Kanuni ya nyumba hii: hakuna anayemshika, hata mimi. Kazi zote ndani ya boksi zinafanywa kwa koleo refu na brashi ya rangi.

Nyumbani nililaza kopo mdomo wake ukielekea kwenye kigae, nikaondoa kadi, nikamgusa nyuma kwa ncha ya brashi. Alitoka hatua chache, akasimama, akapapasa udongo kwa vipapasio. Hawa huona vibaya sana, dunia yao ni mtikisiko unaopokelewa na vinyweleo vya miguu. Kisha akaingia tunduni mzimamzima.

Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tano, amempa jina la Zabibu.

Oktoba, siku zilizofuata

Hajapewa chakula wiki ya kwanza. Maji tu. Aliyevunjiwa nyumba aachwe ajenge.

Na amejenga. Usiku nilifungua karatasi nyeusi nikiwa na tochi yenye karatasi nyekundu, maana mwanga mwekundu haumsumbui sana. Alikuwa chini ya tundu langu, anachimba kwa meno. Aling'oa udongo, akaukusanya kwa vipapasio hadi ukawa donge la ukubwa wa punje ya mahindi, akaufunga kwa nyuzi kutoka nyuma ya tumbo, akaubeba kifuani akipanda nao kinyumenyume. Akafika mlangoni, akauachia kando ya kigae, akarudi. Asubuhi palikuwa na kichuguu kidogo cha vidonge, kila kimoja kimefungwa hariri. Nilichukua kimoja kwa koleo nikakiweka chini ya lenzi. Nyuzi zake ni nyembamba hivi kwamba zinaonekana tu mwanga ukija kwa pembeni, lakini kidonge hakikuvunjika nilipokibonyeza.

Tundu langu la mshazari amelikubali kama sebule. Chini yake amekata kona kali kuelekea kitakoni, halafu amefungua chumba karibu na mrija wa maji. Paa limesimama. Babu aliletewa habari, akaja kuona kwa macho yake, akakaa mbele ya kioo muda mrefu.

Mama ana swali lake, na ni la haki. "Mwanangu, akitoka usiku je?" Nilimkalisha mbele ya boksi, nikamwonyesha komeo, matundu, ukubwa wa gamba la kifua. Nikamwambia na jambo moja zaidi: buibui huyu akiwa na shimo zuri hana haja ya kutoka. Atakayehangaika kutoroka ni yule aliyewekwa kwenye boksi lenye udongo wa vidole viwili. Mama akasema basi shimo lisipungue.

Novemba

Joto limekuja lote. Stoo imefika 31 mchana, bati la barabara nzima linalia. Nimeteremsha waya wa kipimajoto kwenye mrija wa kona: kitakoni 26. Kwa tofauti hiyo ya nyuzijoto 5 ndiyo maana nilibeba magunia ya udongo. Mchana yuko chini kabisa, jioni anapanda mlangoni, anakaa na miguu ya mbele nje. Anachagua mwenyewe joto lake kwa kupanda na kushuka, na hakuna kifaa cha umeme kitakachomchagulia vizuri zaidi.

Anakula. Nyenje mmoja kwa wiki, asiyezidi ukubwa wa tumbo lake. Nyenje akikanyaga utando wa mlangoni, Zabibu anatoka kama aliyerushwa, na kabla jicho halijashika amesharudi ndani naye. Mabaki yanatupwa mlangoni kesho yake, donge kavu, nami nalitoa kwa koleo. Asipokula hadi asubuhi, nyenje anaondolewa.

Desemba

Mvua za kwanza zimenyesha. Dodoma inapata kama milimita 600 kwa mwaka au pungufu, karibu zote kati ya sasa na Aprili, kwa hiyo kila kiumbe kinajua kalenda hii. Hewa imebadilika mpaka stoo, na Zabibu ameziba mlango kwa udongo na utando. Kabla ya hapo alikuwa ameshakataa nyenje, na tumbo limenenepa na kuwa na rangi iliyofifia.

Kumbikumbi wametoka jioni ile, taa zote za mtaa zimezingirwa. Mtoto amekuja na bakuli limejaa. "Shangazi, tumpe na Zabibu." Nikamwambia Zabibu amefunga mlango, na mwenye nyumba akifunga mlango tunaheshimu. Mdudu aliye hai akiachwa pamoja na buibui anayejivua gamba anaweza kumtafuna buibui, kwa kuwa wakati huo mwili wote ni laini. Kumbikumbi tumewakaanga kwa chumvi, tukala wenyewe.

Nimetia maji kwenye mrija, kijiko kimoja baada ya kingine, hadi kioo cha chini kikatoa ukungu mwepesi. Unyevu wa chumbani mwake unamsaidia kutoka kwenye gamba la zamani bila mguu kunasa.

Januari

Nilifunua karatasi nyeusi, nikamkuta amelala chali juu ya kitanda cha utando. Wageni wengi wa ufugaji hapa ndipo wanapolia na kumzika buibui akiwa hai. Tarantula anayekufa hukunja miguu chini ya mwili kama ngumi. Anayelala chali, miguu imetawanyika, yuko kazini. Nikaifunika karatasi, nikafunga stoo, nikawaambia wote mlango usibamizwe.

Baadaye mlango wa shimo ukafunguliwa kutoka ndani, na gamba la zamani likasukumwa nje limekunjamana. Nililichukua likiwa bado jororo, nikalilaza kwenye sahani ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Likalainika. Kwa vijiti vya meno nililifungua upande wa tumbo, mkunjo kwa mkunjo, hadi ndani yake ikaonekana yote. Kuna mabaka manne meupe: hayo ni mahali pa mapafu, tarantula ana jozi mbili. Kati ya yale mawili ya juu, juu ya mpasuko mwembamba, ndipo pa kutazama. Chini ya lenzi palikuwa na vifuko viwili vidogo vimesimama, rangi ya kahawia hafifu, vya kuhifadhia mbegu za dume. Dume hana hivyo.

Zabibu ni jike. Madume wa tarantula wakishakomaa huishi muda mfupi, mara nyingi hawamalizi mwaka. Majike wa aina nyingi huvuka miaka 10, wengine 20. Nimezungumza na mtoto wa kaka yangu kwa uzito unaostahili, kwamba mnyama huyu anaweza kuwa bado yupo yeye akimaliza chuo. Ameomba kazi ya maji. Kuanzia leo kifuniko cha chupa ni chake: anakijaza kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mimi nikiwa nimesimama karibu, koleo mkononi, na komeo nafunga mimi. Jina lake limeandikwa kwenye faili ya kibali nyuma ya langu, kwenye karatasi ya mambo ya nyumbani.

Kwa sasa meno ya Zabibu ni meupe, amelala mlangoni na rangi mpya iliyokolea, miale ya kifuani imekaa wazi kuliko siku ile ya mtaroni. Meno yatageuka mekundu, kisha meusi, na kabla ya hapo hawezi kuuma kitu bila kujiumiza. Nyenje wa kwanza atachaguliwa mdogo. Udongo wa kichuguu uliobaki nimeuweka kwenye ndoo yenye mfuniko chini ya meza, kwa ajili ya kuziba upande wa nyuma ambako ameanza kuchimba hadi kwenye kona ya kioo.